Uso Huu Kesho Unakwenda Wapi?

Kutoka Same mpaka Mpanda nilitumia miaka sita, kwa sababu nilishuka kila mahali. Nilishuka Korogwe, nikashuka Dodoma, nikakaa Singida mpaka upepo wake ukanichosha, nikahamia Nzega, kisha Kahama, kisha Tabora. Kote huko nilikuwa kinyozi wa mashine. Mzigo wangu ulikuwa mashine mbili, kioo nilichokizungushia shuka, na kitambaa cha kumfunika mteja. Na kote huko niliondoka kwa namna moja: bila kumuaga mtu. Nikimharibu mteja kichwa, nikikosana na mwenye nyumba, au hata watu wakianza tu kunizoea, naanza kuulizia nauli. Nilijiita msafiri. Leo, wadogo zangu mnaoshika wembe na mashine, naweza kusema ukweli: nilikuwa nakimbia makosa yangu.

Treni ya Tabora kwenda Mpanda haikuwa na haraka. Ilisimama porini, watu wakashuka kununua asali kwenye chupa za maji, wakarudi, ikaendelea kusimama, halafu ikaondoka ilipojisikia. Mama mmoja wa makamo aliyekaa mbele yangu akaniuliza, "Huko unaenda kufanya nini, baba?"

"Kunyoa, mama. Nina mashine."

"Za umeme?"

"Ndiyo."

Akawageukia wenzake. "Jamani, huyu anapeleka mashine za umeme Mpanda!"

Behewa zima likacheka. Nami nikacheka, nikadhani ndiyo ukarimu wa watu wa huko.

Nilielewa wiki ya kwanza. Nyie wa sasa mmekuta umeme umetulia. Sisi tulikuwa na umeme wa jenereta wenye ratiba yake, na ratiba yenyewe haikujifuata. Mteja wangu wa nne alikuwa mwalimu aliyekuwa anakwenda kusimamia harusi. Nikampitishia mashine upande wa kushoto, safi kabisa, nikageukia kulia, mashine ikanyamaza. Tukasubiri. Tukanywa chai. Mwalimu akawa anajitazama kwenye kioo nusu mtu mzima, nusu mwanafunzi aliyefukuzwa. Mwishowe akasimama na kitambaa changu shingoni, akavuka barabara. Mimi nyuma yake, nafuata kitambaa.

Ng'ambo, kwenye baraza la fundi cherehani, alikuwapo mzee mmoja ambaye hakuwa na waya hata mmoja. Alikuwa na kiti cha mbao chenye mgongo unaolala, birika kwenye jiko la mkaa, brashi, kopo la sabuni na wembe. Alimlaza mwalimu, akamwekea taulo la moto, akapiga povu, akamaliza upande wa kulia bila haraka. Kisha akaurudia wangu wa kushoto. Alipomaliza akaniangalia.

"Ulianza vizuri," alisema. "Kesho uje na kioo chako. Changu kimepasuka."

Hivyo ndivyo nilivyopata mwalimu wangu wa wembe. Aliitwa Mzee Simeoni. Wazazi wake walimleta kutoka Burundi akiwa mtoto wa kubebwa, akakulia kwenye makazi ya wakimbizi ya Katumba, akawa raia, akawa mzee wa kanisa, na mpaka leo nikisikia harufu ya taulo lililochemka naona mikono yake.

Sikieni mambo machache aliyonifundisha, maana naona wengi wenu mnayaruka. Ndevu hazinyolewi, zinalainishwa; wembe unakuja tu kuzichukua. Taulo la moto likae mpaka mteja aache kuongea. Povu lisipigwe kwenye kopo, lipigwe usoni, kwa mzunguko, ili brashi inyanyue kila unywele. Nywele za shingoni hazielekei chini kwa kila mtu. Pitisha kidole kwanza, zikikukwaruza ujue unakwenda kinyume. Mwenye vipele usimrudie mara ya pili kwa kumfurahisha, atakulaumu baada ya siku tatu. Na wembe, jamani: nusu mpya kwa kila mtu, unauvunjia kwenye karatasi yake mbele ya macho yake, unautia kwenye mpini akiona. Mzee alikuwa anasema mteja akishakupa koo lake hana kingine cha kukupa.

Lakini jambo lililomtofautisha na vinyozi wote niliowaona lilikuwa sabuni.

Mkewe, Mama Dina, alizipika mwenyewe nyuma ya nyumba. Mawese yalifika Ikola kwa boti za ziwani, yakaletwa mjini kwa madumu. Alitia na mafuta ya nyonyo kiasi, kwa sababu mawese peke yake yanatoa sabuni ngumu ambayo povu lake linakauka kabla hujafika kidevuni. Nyonyo ndiyo inayolifanya liteleze. Akishakata vipande alivilaza juu ya kabati wiki sita. Ukiwahi kuvitumia, vinachoma. Nilijaribu wiki ya tatu kwenye shavu langu mwenyewe, likaiva jekundu, na Mama Dina akaniita Nyanya mpaka Jumapili.

Harufu ilibadilika na majira. Mvua zikianza alitia mchaichai, maana wakati huo nguo na watu hunuka unyevu. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya asubuhi ikikaza, ilikuwa karafuu na maganda ya machungwa yaliyokaushwa na kutwangwa. Vumbi la mwezi wa tisa likiinuka, ilikuwa mnanaa, ambao ukipakwa shingoni mtu anafumba macho. Na kila sabuni ilikuwa na marashi yake, matone mawili ya kumalizia baada ya shabu, lile jiwe la kuzuia damu. Watu walizoea kujua mwaka kwa pua. Mkulima mmoja wa Kibaoni aliyekuwa analeta mpunga alipita hata siku zisizo za kunyolewa, akasimama tu barazani akanusa. "Karafuu imeshaingia? Mungu wangu, nimechelewa." Akaondoka mbio.

Pembeni ya hizo zote, kwenye kopo la bati lenye kifuniko, kulikuwa na sabuni isiyo na harufu, rangi ya udongo. Na kabla ya kufungua kopo lolote Mzee Simeoni alimuuliza kila mteja swali moja: "Uso huu kesho unakwenda wapi?" Ukisema harusini, unapata ya msimu na marashi. Ukisema msibani, unapata ile ya udongo, maana msibani mtu hanukii. Ukisema porini, vilevile ya udongo. Mimi nilidhani ni maongezi tu ya kinyozi, kama kuuliza habari za watoto. Nilikuwa nauliza nikikumbuka.

Mwaka wangu wa pili nikaona kuna msimu uliosahaulika. Mji mzima unazungumza asali, ndoo zinashuka kutoka njia ya Inyonga, na sisi hatuna sabuni ya asali! Nikamwomba Mama Dina sufuria. Nikatia nta, nikatia asali, na kwa kuwa nta ilifanya harufu iwe nzito, nikaifungua na mchaichai. Nikatia mwingi. Nikatengeneza na marashi yake, makali. Nilijiona fundi.

Siku sabuni ilipokomaa, Mzee Simeoni alikuwa Katumba kwenye ubatizo wa mjukuu. Akaja Mzee Malongo.

Mzee Malongo alikuwa Mkonongo, anaishi Mwamkulu, na kazi yake maisha yote ilikuwa kurina asali. Mizinga yake ya magogo ilikuwa juu ya miti, mbali msituni. Warina asali wanapenda kunyolewa safi kabla ya kazi, ndevu na kichwa, kwa sababu nyuki akinasa kwenye nywele hatoki bila kuuma. Hilo mimi sikulijua. Nilijua tu kwamba ni mteja mkubwa wa mzee wangu na leo ameniangukia mimi.

"Simeoni yuko wapi?" aliuliza kwa sauti ya puani.

"Ametoka, baba. Shikamoo. Karibu kiti."

"Marahaba. Wewe Mpare utaniweza? Nasikia nyie mkimkata mtu, mnamshtaki yeye kwa kuchafua wembe."

"Leo kesi nimeziacha nyumbani, mzee."

Akacheka mpaka akakohoa. "Nyoa basi. Mafua yamenibana siku tatu, hata ugoro sinusi."

Sikumuuliza uso unakwenda wapi. Nilikuwa na haraka ya kuonyesha sabuni yangu. Nilimnyoa kama sijawahi kunyoa, kichwa kikang'aa, na mwisho nikampiga marashi shingoni na nyuma ya masikio, si matone mawili bali kiganja kizima. Yeye, kwa kuwa hakuulizwa, aliamini amepakwa ileile ya udongo aliyoizoea miaka yote. Akanishukuru, akaondoka.

Siku mbili baadaye mchana mkewe, Mama Rozi, aliingia barazani na shati la mumewe mkononi. Hakusalimia. Alinibandika lile shati puani.

"Nusa."

Nikanusa. Mchaichai.

"Hiki ndicho tunachosugua kwenye mzinga mpya kuita nyuki waje," alisema. "Umempaka mume wangu amekuwa mzinga."

Nyuki walikuwa wamemvamia akiwa juu ya mti, kabla hata hajafungua mzinga. Moshi haukusaidia. Alishuka kwa kamba mikono ikiungua, akakimbilia mtoni. Uso wote ulikuwa umevimba, na nyuki mmoja alimchoma ndani ya jicho la kushoto. Alikuwa amelazwa. Daktari alikuwa hajasema kama ataona.

Nadhani mnajua nilichofanya. Nilikwenda stesheni, nikakata tiketi.

Asubuhi Mzee Simeoni alinikuta nafunga kioo changu kwenye shuka. Alikaa kitandani kwangu, akaniangalia nikikunja nguo, mpaka nikaishiwa cha kukunja.

"Mimi nililetwa nchi hii mgongoni," alisema. "Wazazi wangu walikuwa wanakimbia watu wenye mapanga. Wewe unakimbia nini?"

Nikakaza fundo la shuka.

"Nyuki?"

"Mzee, nitamtazamaje?"

"Yeye ndiye mwenye shida ya kutazama, si wewe. Uso umeuharibu wewe, utauhudumia wewe. Ukikataa, ondoka, sitakushika. Ila ujue mji unaofuata nao una nyuso."

Akatoka. Niliketi na tiketi ile mkononi. Sikuipasua kama wanavyofanya kwenye sinema. Niliiweka mfukoni, ikiwa bado nzima, nikachukua taulo mbili na ile sabuni ya udongo, nikamfuata.

Mzee Malongo aliporuhusiwa kurudi nyumbani, nilikwenda Mwamkulu kila siku kwa baiskeli ya mzee wangu. Siku mbili Mama Rozi aliniacha nje ya ua. Siku ya tatu alinisogezea kigoda. Ndani nilimkuta Mzee Malongo amekaa, uso kama unga uliokandwa, jicho la kushoto limefungwa pamba, la kulia limezibwa na uvimbe.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, mzee. Yule Mpare."

Akanigeuzia sikio.

"Umekuja kuwashtaki nyuki?"

Nikaanza kuomba msamaha, nikaanza kulia, vyote kwa pamoja. Akaninyamazisha kwa mkono. "Lia baadaye. Ngozi inawasha, nikijikuna inachubuka. Una taulo?"

Nikamkanda kwa taulo la maji baridi, kisha la vuguvugu, kila siku, kwa wiki mbili. Ndevu ziliota ovyo juu ya uvimbe, na sikuthubutu kuzigusa. Alinifundisha mambo mengi katika kukanda huko, na hakuna siku hata moja aliyosema kwamba amenisamehe. Alichokuwa anakiongelea ni mizinga. Mingi ilikuwa haijaguswa, asali imeiva, na nyegere hawasubiri mtu apone. Jicho la kulia lilikuwa zima, lakini kupanda na kushika mwenge wa moshi peke yake asingeweza.

"Atakwenda huyu," alimwambia mkewe siku moja, akinielekezea kidole.

"Huyu? Anaogopa hata kuku!"

"Ndiyo maana. Anayeogopa hutulia, harushi mikono."

Akaniamuru siku tatu nisiguse sabuni ya aina yoyote, nioge maji na majivu. Siku ya safari akaninusa shingo, kichwa, kwapa. "Mafuta ya nywele. Rudi." Nikarudi. Siku ya pili akaninusa tena. "Shati umelifulia nini? Rudi." Siku ya tatu alininusa kwa muda mrefu kabisa. "Sasa unanuka kama mbuzi," akasema kwa kuridhika. "Twende."

Nilikaa naye msituni siku tano. Nilipanda kwa kamba, nikashika moshi, naye chini ananiongoza kwa sauti ndogo kama anayemlaza mtoto. Niliumwa mara tatu na sikupiga kelele. Mizinga miwili nyegere walikuwa wametangulia, mingine tuliiokoa. Nilishika sega la kwanza nililolikata kwa mkono wangu, la moto kidogo kutoka ndani ya mzinga, na nikajua kwamba mpaka siku ile nilikuwa nimetia asali kwenye sabuni bila kuijua asali.

Tuliporudi mjini alipitiliza moja kwa moja mpaka barazani. Mzee Simeoni alikuwapo, kiti chake kilikuwa wazi. Mzee Malongo hakukikalia. Alikuja kwenye changu.

"Uso huu kesho unakwenda wapi, mzee?" nikamuuliza.

"Haujaniambia. Nyoa."

Nikavunja wembe mbele ya jicho lake zima. Akalaza kichwa nyuma, akafumba macho yote mawili, koo likapanda na kushuka mara moja, likatulia. Nimenyoa maelfu ya watu, wadogo zangu. Ule ndio unyoaji ambao ningependa kuulizwa siku ya mwisho. Jicho la kushoto halikurudi. Lilibaki linaona mwanga na kivuli tu, na hilo nitalibeba. Lakini toka siku ile mpaka naondoka hakunyolewa na mtu mwingine.

Nilikaa Mpanda miaka kumi na mbili, mimi ambaye sikuwahi kumaliza miwili mahali. Umeme wa uhakika ukaja, saluni zikafunguliwa zenye muziki na viti vya kuzunguka, nami nikashika tena mashine bila aibu. Mashine si adui, ila haiwezi kumnyamazisha mtu kama taulo la moto. Mzee Simeoni macho yalipochoka alimwachia kiti binti yake, Dina, na kama hamjanyolewa na Dina nendeni mkaone aibu. Nawashukuru wote hao. Namshukuru mwalimu wa nusu kichwa kwa kuvuka barabara. Namshukuru hata yule mama wa kwenye treni kwa kicheko chake.

Kisha mama yangu kule Same akaugua, na kwa mara ya kwanza nikawa na sababu ya kuondoka ambayo si kosa langu. Nikaaga. Wiki nzima niliaga, mpaka Mama Dina akasema sasa nimezidi. Nilikuwa sijui kuaga kunafanyikaje, nikawa narudia.

Asubuhi ya safari nilimkuta Mzee Malongo barazani mapema, amesimama, birika linachemka. Nikadhani anataka kunyolewa mara ya mwisho, nikavua koti.

"Kaa," akasema.

"Mzee?"

"Kaa wewe. Unakwenda kwa mama yako na ndevu za wiki nzima kama mwizi wa mbuzi?"

Mtu huyo hakuwa amewahi kushika wembe wa kunyolea. Alikuwa amezoea kisu cha kukata masega. Mzee Simeoni, aliyeketi pembeni na bakora yake, alinitazama kuona nitafanya nini. Nikakaa. Nikalaza kichwa. Mkono wake ulikuwa mzito, na alikuwa ananisogelea karibu mno kila akifika upande wa kulia, jicho lake zima likinitafuta. Povu likaniingia puani. Akanikata kidevuni, akasema "Ee," akapaka shabu, akaendelea. Akanikata tena. Chini ya taya akaacha kipande kizima cha ndevu, akarudi nyuma kuitazama kazi yake, akasema safi kabisa. Nikamwambia asante, baba. Tukashikana mikono kwa muda, na hakuna aliyejua nani aanze kuuachia mkono wa mwenzake.

Basi la Tabora lilipotoka mjini, kijana aliyekaa karibu yangu alinitazama usoni, akatazama pengine, akarudi kunitazama.

"Kaka, samahani. Kinyozi aliyekunyoa haoni?"

"Jicho moja halioni," nikamjibu. "Nilimuumiza mimi."

Akasogea kidogo kwenye kiti. Nikageukia dirishani, kidevu kinaniwasha, damu imekaukia hapo, na sikukifuta mpaka Inyonga.